Krismasi ya ski badala ya kukaa nyumbani: mwongozo kwa anayeanza kabisa

Kila ikifika Septemba maswali yanaanza na ni yaleyale: "Nimechoka kukaa chumbani Krismasi nzima huku nje giza linaingia saa kumi na nusu jioni, tiketi ya Nairobi au Dar imepanda haishikiki, wenzangu kazini wote wanaenda ski, kule kuteleza kwenye theluji na mbao ndefu miguuni, sasa mimi nikienda nitafanya nini huko, nitavunjika mguu, ni hela ngapi, nywele zangu je, mtoto wa miaka mitano anaweza?" Nimejibu mmojammoja vya kutosha, kwa hiyo naandika mara moja hapa na ukiniuliza tena nakutumia hii.

Naishi Munich, Ujerumani, jirani na Austria, kwa hiyo nitaongelea Austria, upande wa Salzburg na Tirol. Walioko London, Amsterdam au Brussels, hatua ni zilezile, ila safari yenu ni ndefu na baadhi yenu mna shughuli ya viza. Saa zote nimeandika za Kiswahili, usije ukasoma saa nne ukatokea mlimani alfajiri.

Ila kwanza: kama hujaenda nyumbani miaka mitatu na wazee wanakuulizia, hela hii kakatie tiketi ya ndege. Milima haihami. Mwongozo huu ni wa yule ambaye Desemba hii anabaki huku vyovyote itakavyokuwa.

Na ile ya kusema "ski ni mambo ya wazungu" tuiache tu. Philip Boit alikimbia kwa ski kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998 kwa niaba ya Kenya, akafika wa mwisho kwenye kilomita 10, na bingwa mwenyewe Bjørn Dæhlie akamsubiri pale mwisho ili ampongeze. Halafu Olimpiki ya PyeongChang, Korea Kusini, 2018 akaja Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, akashuka milima na bendera ya Kenya. Wewe huendi Olimpiki, unaenda kuanguka kwenye kilima cha watoto, kwa hiyo tulia.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Karatasi. Kama una kibali cha kuishi nchi ya Schengen, beba paspoti NA kadi ya ukaazi, zote mbili, picha kwenye simu haitoshi, maana polisi huwa wanapanda treni pale mpakani kati ya Austria na Ujerumani wanakagua. Kama una paspoti ya Kenya, Tanzania au Uganda na unaishi Uingereza, unahitaji viza ya Schengen hata kama kibali chako cha Uingereza ni cha kudumu. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho ni siku 15 kabla, ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na lazima bima isiyopungua yuro 30,000. Kinachokwamisha watu siyo ada, ni nafasi ya kwenda kuwasilisha maombi, ikifika Novemba zimejaa. Anza Agosti.

Bima. Hapa ndo watu wanajidanganya. Bima uliyochukua kwa ajili ya viza mara nyingi haigusi michezo ya theluji. Soma iseme wazi kwamba inalipia ski, uokoaji mlimani pamoja na helikopta, na madhara ukimgonga mtu mwingine. Helikopta ikija kukuchukua bili ni maelfu ya yuro na inakuja kwa jina lako. Wengi wetu tunaoishi Austria na Ujerumani tunajiunga na Alpenverein, chama cha wapenda milima, kwa sababu ada ya mwaka inakuja na bima ya uokoaji ndani yake. Ukiamua kwenda upande wa Italia, kule bima ya kumlipa utakayemgonga ni lazima kisheria tangu 2022.

Nguo. Usinunue kila kitu. Nunua vya kugusa ngozi: fulana na suruali za ndani za joto jozi mbili, zisiwe za pamba, maana pamba ikilowa jasho inabaki baridi mwilini siku nzima. Soksi ndefu za ski jozi mbili, nyembamba. Glavu za ski zisizopitisha maji, siyo zile za kufuma ulizopewa zawadi. Kitambaa cha shingo. Jaketi na suruali ya ski omba kwa mtu au tafuta za mitumba, na dukani kwenye msimu kuna za bei ya chini ambazo zinamtosha kabisa mtu wa wiki moja. Jinzi hapana. Nimeona watu na jinzi, ikifika saa sita zimekuwa ngumu kama mbao.

Miwani ya theluji na sanskrini ya 50. Najua utasema ngozi yetu haiungui. Inaungua. Theluji mpya inarudisha mpaka asilimia 80 ya mionzi inayochoma, na kadiri unavyopanda mlima ndo inavyozidi kuwa kali. Paka mpaka chini ya kidevu na ndani ya tundu za pua, mionzi inatoka chini huko. Na vaselini ya midomo mfukoni.

Hela. Siandiki jumla kwa sababu kila familia ni tofauti, lakini jua hesabu yako ina mafungu matano: malazi, usafiri, mwalimu, kukodi vifaa, na pasi ya lifti, yaani tiketi ya mitambo inayokupandisha mlimani. Pasi ya siku moja kwenye vituo vikubwa vya ski vya Austria sasa hivi imevuka yuro 70 kwa mtu mzima. Usishtuke bado, nitakuonyesha kwa nini siku za mwanzo huihitaji.

HATUA KWA HATUA

1. Mwambie mama mapema

Hii naiweka ya kwanza makusudi. Usisubiri Desemba 20 ndo useme hauji na tena unaenda kucheza kwenye barafu. Sema Oktoba, sema utapiga simu lini, na tuma hela ya sikukuu KABLA hujaposti picha yoyote ya theluji. Mpangilio huo usiubadilishe. Shangazi akiona umesimama mlimani na miwani ya rangi kabla ya ile ya mchele na mbuzi kuingia kwenye simu yake, mwaka mzima utasikia. Na waeleze watoto kama wako huku na wewe, wajue kwamba Austria zawadi zinatolewa jioni ya tarehe 24 na anayezileta kule ni Mtoto Yesu, siyo yule mzee wa ndevu, wasije wakagombana na watoto wa jirani.

2. Chagua kijiji, usichague jina

Watu wanataka Kitzbühel kwa sababu wameisikia kwenye TV. Kitzbühel mjini ni kama mita 760 tu juu ya usawa wa bahari, na Desemba kwa miaka hii huwezi kuwa na uhakika wa theluji chini huko, utakuta majani. Kwa Krismasi angalia vitu viwili: urefu na treni.

Urefu: ama kijiji chenyewe kiko juu, kama Obertauern ambayo imepita mita 1,700 au Obergurgl yenye mita 1,900 na ushee, ama kijiji kiko chini lakini kina barafu ya kudumu karibu. Zell am See iko mita 757 ila jirani yake Kaprun ina Kitzsteinhorn, na lifti inakufikisha mita 3,029. Huko juu theluji ya Desemba haina maswali. Wanaotoka Nairobi hamtahisi kitu kwenye mita 1,700, ni nyumbani hapo. Wa Dar na Mombasa mtahema kidogo kwenye ngazi siku ya kwanza.

Treni: Zell am See stesheni iko mjini kabisa kando ya ziwa, kutoka Salzburg ni kama saa moja na nusu. St. Anton nayo treni inakushusha katikati ya kijiji. Kwa mtu asiyewahi kuendesha gari kwenye barafu hili ni jambo kubwa kuliko unavyofikiri.

Maoni yangu: chukua chumba kwenye kijiji kidogo cha pembeni chenye basi la ski badala ya kulala kwenye kituo chenyewe. Mabasi hayo kwa kawaida ni bure kwa mwenye vifaa au kadi ya mgeni. Unaokoa hela na usiku unalala.

3. Chagua tarehe kwa akili

Fujo kubwa inaanza tarehe 26 na 27, watu wanamiminika kwa ajili ya mwaka mpya na bei zinapaa. Siku kabla ya Krismasi ndo nzuri. Kwenda tarehe 20 kurudi 27 ni bora kuliko 26 mpaka 2. Mchana wa tarehe 24 na asubuhi ya 25 wenyeji wako na familia zao, mlimani kuna nafasi, na hiyo ndo zawadi ya anayeanza: hakuna mtu nyuma yako anayekupigia kelele.

Tahadhari: nyumba nyingi zinapangishwa Jumamosi kwa Jumamosi tu wiki hizo. Angalia kabla hujaomba likizo kazini, siyo baada.

4. Fanya bukingi kwa mpangilio huu

Malazi kwanza, yenye jiko, ifikapo Septemba au Oktoba mwanzoni. Pili mwalimu. Tatu usafiri. Nne vifaa, hivyo ukiweka oda mtandaoni kabla inapungua bei. Pasi ya lifti mwisho kabisa.

Mwalimu nasisitiza. Chukua darasa la kundi la siku tatu au nne, kwa kawaida linaanza Jumapili au Jumatatu saa nne asubuhi mpaka saa sita, mkapumzika, mkarudi mchana masaa mawili. Ukifika Jumatano darasa la wanaoanza limeshaondoka bila wewe. Na tafadhali usikubali kufundishwa na mume wako, mke wako au rafiki anayejua. Atakupandisha juu kwenye mteremko wa rangi nyekundu, usio wa anayeanza, atakwambia "nifuate tu", ataondoka, na wewe utabaki umekaa chini unalia na mkesha wa Krismasi umeharibika. Ndoa za watu zinapimwa pale bila sababu.

Watoto wa miaka minne mitano wanakuwa na darasa lao lenye zulia la kuwapandisha na vibonzo, na siku ya mwisho wanapewa medali. Watakupita.

Mkienda na gari: Austria kuanzia 1 Novemba mpaka 15 Aprili barabara ikiwa na theluji au barafu lazima matairi ya winter, na kwenye barabara kuu unahitaji vinyeti, ile tiketi ya kulipia barabara. Gari la kukodi kutoka nchi nyingine uliza matairi kabla hujasaini, usiamini kwamba wanajua unakokwenda.

5. Nywele, wiki moja kabla

Wazungu hawawezi kukujibu hili. Helmeti lazima uvae, na helmeti haikai juu ya rasta nene zilizofungwa fundo wala juu ya afro iliyojaa. Suka twende kilioni, yaani mistari imelala kwenda nyuma, mikia yake iishie chini shingoni ambapo helmeti haifiki. Kama una rasta ndefu zifunge chini kabisa mgongoni na uziingize ndani ya jaketi, zisining'inie karibu na lifti. Ndani ya helmeti vaa kitambaa chembamba cha hariri au satini, kinazuia kukatika kwa nywele na hakibadilishi saizi. Ukienda kupima helmeti dukani nenda na mtindo uleule utakaovaa mlimani. Na mafuta mazito ya mwili beba ya kutosha, baridi ya kule inakupausha mpaka unaogopa kioo.

6. Jaribu ndani kabla ya kwenda

Si lazima ila inasaidia mno. Kuna kumbi za theluji ya ndani: Neuss Ujerumani, Landgraaf Uholanzi, Hemel Hempstead na Manchester Uingereza, na ndugu zetu wa Ghuba wana Ski Dubai iliyo ndani ya Mall of the Emirates tangu 2005. Masaa mawili pale na mwalimu yanakutosha kujua kama buti zinakutesa na kama unaupenda mchezo wenyewe, kabla hujalipia wiki nzima. Na anza squat, jamani. Mapaja ndo yanayofanya kazi, kila siku kidogo kidogo kuanzia Novemba.

7. Nunua chakula tarehe 23

Hii inakamata watu kila mwaka. Tarehe 24 maduka yanafunga mapema, ikifika saa nane mchana umechelewa. Tarehe 25 na 26 ni sikukuu zote mbili, na kama 27 ni Jumapili basi hesabu siku nne karibu bila duka. Beba kutoka mjini vitu ambavyo kijijini hutavipata: pilau masala, mchele wako, unga wa ugali, nazi ya kopo, pilipili. Nyama, vitunguu na mboga nunua huko.

Kupika juu kunachelewa. Maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94 ukiwa mita 1,700 au 1,800, wa Nairobi mnalijua hili, wa pwani mtashangaa maharage hayaivi. Chukua ya kopo, au beba presha kuka kama mna gari.

Mkila nje: supu na madonge mengi ya kule yana nyama ya nguruwe hata pale huioni, kwa hiyo kama huli uliza kwanza, neno la kulisikilizia ni Speck. Salama zaidi ni Käsespätzle, tambi nzito za jibini, na Kaiserschmarrn, ambayo ni tamu, inakatwakatwa na kunyunyiziwa sukari, na sahani moja inashibisha wawili.

8. Chukua vifaa jioni ya kuamkia siku ya kwanza

Usiende asubuhi, kuna foleni. Dukani watakuuliza urefu, uzito, umri, namba ya kiatu na kama unajua. Sema uzito wa kweli! Siyo wa mwaka juzi. Kile kishikio kinachoshika buti kinapangwa kwa uzito huo ili kiachie ukianguka, ukidanganya kitaachia hovyo au kitagoma kuachia, na kikigoma ni goti. Ski za anayeanza zikusimamie usawa wa kidevu hivi, akikupa ndefu kukupita mwambie abadilishe.

Buti ndo kila kitu. Soksi MOJA kila mguu, imenyooka bila mkunjo, suruali ya ndani iishie juu ya buti isiingie ndani. Ingiza mguu, piga kisigino chini mara mbili tatu kirudi nyuma, halafu funga vifungo kuanzia vya kwenye kifundo. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukikunja magoti mbele virudi nyuma visiguse tena. Inabidi ibane kama mtu amekushika kwa nguvu, isiume. Anayeanza siku zote anachukua kubwa kwa sababu "inapumua", halafu siku ya pili ugoko unawaka kwa sababu mguu unacheza ndani. Kaa nazo dukani dakika kumi, tembea, na zikiuma rudisha hata kesho yake, watu wanabadilisha kila siku na hawachukii.

9. Siku ya kwanza kwenye theluji

Siku hii na ya pili usinunue pasi kubwa. Kilima cha kujifunzia kina zulia linalotembea, na vituo vingi vina tiketi yake ya bei nafuu, au ipo ndani ya bei ya darasa. Uliza shule ya ski. Hapo umeokoa sehemu kubwa ya zile yuro 70, mara mbili. Ukija kuchukua pasi iweke mfuko wa KUSHOTO wa jaketi peke yake, mageti yanasoma upande huo.

Mwalimu atakufundisha maneno mawili hata kama lugha haipandi: pizza na chipsi. Pizza, ncha za mbele zinakaribiana na visigino vinaachana, unapunguza mwendo. Chipsi, ski zimelala sambamba, unaenda. Magoti yakunje, ugoko uegemee mbele ya buti, mikono mbele uione, macho yaangalie unakokwenda. Kosa la kila mtu mmoja ni kuogopa na kuegemea nyuma. Ukiegemea nyuma ski zinakimbia zaidi na huwezi kuzigeuza. Najua akili inakataa, mwili unataka kukaa, lakini egemea mbele, mteremko utakutii.

Zulia: ingia taratibu, ski zinyooke, simama tu, usitembee. Likifika juu linakusukuma lenyewe, ondoka mara moja pembeni, usisimame pale kutafuta simu maana wa nyuma anakuja na hawezi kusimama.

Kuanguka: ukiona umeshindwa, kaa pembeni upande wa mlimani, usinyooshe mkono kuzuia. Kuinuka: geuza ski zikate mteremko, ziwe upande wa chini yako, jisukume. Ikishindikana vua ski moja. Hakuna anayekucheka, na anayekucheka ana miaka sita.

10. Lifti

Ile ya kuvuta, yenye mti wa kuegemeza matako: USIKAE. Inavuta, haibebi. Ukikaa unaenda chini na inakuburuza, ukianguka achia haraka na ujitoe njiani. Ya viti: toa mkononi kamba za zile fimbo mbili za ski, begi liweke mbele, ukikaribia kushuka inua ncha za ski, simama, teleza moja kwa moja mbele na usikate kona kumpitia jirani.

11. Rangi na sheria

Austria kuna bluu, nyekundu na nyeusi. Ufaransa wana kijani pia chini ya bluu. Bluu tu kwa wiki nzima hakuna aibu. Sheria za kimataifa ziko kumi lakini wewe shika hizi: aliye chini yako ana haki, wewe wa juu ndo unamkwepa, ukianza kushuka tazama juu kwanza, ukisimama simama pembeni, kamwe siyo katikati wala nyuma ya tuta ambapo huonekani.

Na hii ikae kichwani: lifti zinafunga karibu saa kumi jioni, ukishafungwa mteremko usirudi, hata na kigari cha kuteleza cha watoto, hata kama mwezi unawaka. Mitambo inayosawazisha theluji usiku inavutwa kwa nyaya za chuma zinazokaa zimekaza kwenye mteremko gizani, huzioni, na zimeshaua watu.

12. Krismasi yenyewe

Tarehe 24 ski asubuhi tu, saa saba uwe nyumbani. Pumzika, oga, vaa nguo za watu. Jioni kijiji kinanyamaza na mikahawa mingi inafunga au inataka uwe ulishaweka nafasi, kwa hiyo pikeni. Misa ya mkesha kwenye vijiji mara nyingi ni saa nne au saa tano usiku, ya watoto ni mchana saa kumi hivi, muda umebandikwa mlangoni kwa kanisa. Nenda hata kama Kijerumani hakipandi, misa unaijua. Vaa buti za kutembelea zenye meno, njia ni barafu tupu.

Tarehe 25 simu ya nyumbani. Afrika Mashariki iko masaa mawili mbele, kwa hiyo ukipiga saa tano asubuhi kule ni saa saba, wako mezani wote na simu inazungushwa kwa kila mtu mpaka mtoto usiyemjua. Chaji simu usiku na piga ukiwa ndani, mlimani baridi inamaliza betri hata ikiwa asilimia 60. Halafu pilau. Mkiwa familia mbili tatu nyumba moja inanoga, na jirani wa Kiaustria akinusa harufu mkaribishe, sisi hatuli tumefunga mlango.

IKIKWAMA

Theluji haijaanguka. Angalia kama kituo kina mizinga ya theluji, yaani mashine za kutengeneza theluji, na kama baridi haitoshi (inahitaji kama nyuzi -2 kushuka) panda basi mpaka kwenye barafu ya juu. Kama darasa limehamishiwa juu, basi la ziada huwa linapangwa na shule, uliza.

Siku ya tatu mwili hauinuki. Kawaida kabisa. Siku hiyo usiende. Nenda kaogelee, tembea, chukua kigari cha kuteleza kwenye njia yake maalum mchana. Watu wengi wanaumia mchana wa siku wanayojilazimisha.

Miguu imekufa ganzi. Buti imebana juu ya unyayo, legeza kifungo cha chini. Ugoko unauma, ni kinyume, umelegeza cha juu au soksi imejikunja.

Ukungu, huoni mteremko umeanzia wapi. Weka kwenye miwani kioo cha rangi ya njano au chungwa, kaa karibu na miti au nguzo za pembeni. Ukiona kizunguzungu, shuka na lifti, inaruhusiwa.

Umejikuta juu ya mteremko mweusi. Vua ski, kaa pembeni, usishuke kwa miguu katikati ya njia. Rudi kwenye lifti kama iko karibu. Kama huwezi kabisa, au mtu ameumia, wapigie waokoaji wa mlimani Austria namba 140, au 112 popote Ulaya, na usome namba ya nguzo iliyo pembeni ya mteremko, ndo anwani yako. Chomeka ski mbili zikipishana juu ya aliyeumia ili wengine wakwepe.

Mtoto amekataa darasa, analia. Usisimame pale anakuona. Ondoka, kanywe chai, rudi saa sita. Akilia tena siku ya pili mpumzishe, kuna kigari cha kuteleza, theluji haiishi.

Kurudisha vifaa. Peleka jioni ya siku ya mwisho ya ski, siyo asubuhi ya safari, kwa sababu tarehe 27 asubuhi duka limejaa wanaokuja kwa mwaka mpya na treni yako haitakusubiri.